Wekundu Kidogo Tu

Maumivu ya mwenzio ni mzigo mwepesi. Hayachubui bega lako. Edvina alikuwa bado hajalijua hilo alipomfungia sungura mweupe katika tenga la ndizi, nyuma ya nyumba yao pale Hamugembe.

Alikuwa amehitimu masomo ya kemia, na udadisi ulimwasha kama upupu. Alichanganya samli, mafuta ya kahawa na unga wa kung'arisha ngozi alionunua mjini, akapata krimu laini yenye rangi ya maziwa. Jumamosi dada yake, Immakulata, angeolewa Izigo, na uso wa bibi harusi ndio ungeitangaza krimu hiyo mbele ya ukoo mzima. Lakini je, ilikuwa salama? Alikuwa amesoma kwamba viwanda vingine hujaribu vipodozi vyao kwa sungura. Basi akamnyoa sungura mgongoni, akampaka, akakaa kumtazama.

"Anatetemeka," Immakulata alisema, akichungulia mlangoni.

"Baridi tu, dada."

"Baridi, na jua hili? Mgongo umeiva kama pilipili."

"Ni wekundu kidogo tu. Utapita. Nataka nione kesho utakuwaje."

"Kwa nini usijipake wewe? Anayemimina rubisi ndiye anayeonja kwanza. Hata baba mkwe alipokuja kuniposa, baba alikunywa kabla ya kumpa kibuyu."

Edvina akacheka. "Ile ni pombe, dada. Hii ni sayansi. Halafu nami nina uso wa kuonekana harusini."

"Na mimi nina nini, sahani?"

Asubuhi iliyofuata sungura hakugusa majani. Edvina aliliona hilo, lakini hamu ya kujua ilimzidi nguvu, akampaka tena. Safari hii mnyama alijirusha. Kopo likapinduka, krimu ikammwagikia Edvina upande wa ndani wa mkono, mahali ngozi ilipo nyororo. Mwanzoni hakujali. Punde mkono ukawaka kana kwamba ameshika kaa la moto. Akakimbilia ndoo ya maji huku machozi yakimlengalenga.

Immakulata alimkuta akiupuliza mkono. Akautazama vizuri.

"Wekundu kidogo tu," akasema polepole. "Utapita."

Edvina aligeuka akalitazama tenga. Sungura alikuwa amejikunyata pembeni, hana ndoo ya kukimbilia wala wa kumpuliza. Edvina akamtoa, akamwosha mgongo kwa maji baridi, taratibu, mpaka ule moyo mdogo ulioruka viganjani mwake ukatulia. Kisha akautupa unga ule chooni na kuanza upya kwa samli na mafuta ya kahawa peke yake.

Jumamosi, kabla ya kutoka chumbani, Immakulata aliukunjua mkono wa mdogo wake. Kando ya kovu palikuwa na baka jipya la krimu, na ngozi chini yake ilikuwa shwari.

"Umeonja?"

"Tangu juzi, dada. Haijaniwasha."

"Basi nimiminie," Immakulata akasema, akafumba macho na kumpa uso wake.

Edvina akampaka kwa vidole vyepesi, huku mkono wenye kovu bado ukimkumbusha kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu.