Beberu wa Mzee Kapalata

Hapo zamani, na nawaambia mapema kabla hamjaanza kusinzia, palikuwa na kundi la watu waliojiita Wateule. Kazi yao ilikuwa moja tu: kwenda kwenye misiba wasiyoalikwa. Akifa mtu, wanaziba njia ya makaburini, wanapuliza baragumu, kisha wanapaza sauti kwamba marehemu yuko motoni: "Anaungua huyo! Anaungua!" Wakitupiwa madongo, wanafurahi. Wakitukanwa, wanaongeza sauti. Loo, watu wale walinichosha!

Ndipo akafa Mzee Kapalata, mpenda pombe, mpenda ngoma, mpenda kucheka. Mjane wake, Bi Nyamizi, akasimama mbele ya waombolezaji ameshika kamba ya beberu wa marehemu. "Jamani, nataka nimlilie mume wangu kwa amani, basi. Atakayeniondolea adha hii, beberu ni wake."

Jeneza likatoka. Wateule hao, wameziba njia. "Anaungua huyo!"

Akajitokeza Kidunda, mtani wa marehemu. Nanyi mnajua, kwa mila mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumsema maiti. "Nyie! Nani kawapa kazi yangu? Kuungua tu ndilo mnalolijua? Huyu alikuwa mchoyo hata wa kikohozi! Akikoroma, kuku wanahama! Akicheza ngoma, utadhani bata kakanyaga makaa! Haya, ongezeni lenu."

Waombolezaji wakaangua kicheko. Bi Nyamizi naye akacheka, machozi bado hayajamtoka. Wateule wakatazamana, hawana la kuongeza. Lakini njia hawakuiacha.

Akaja Mwashamba, mpishi wa msiba, na sinia la wali na nyama. "Karibuni wageni wetu, poleni na safari. Hapa pana vumbi, twendeni mkale kule bandani."

Tangu asubuhi Wateule hawakuwa wametia kitu tumboni. Wakamfuata mmoja mmoja, wakikwepa macho ya kiongozi wao, mpaka kiongozi mwenyewe akafuata. Njia ikawa nyeupe, jeneza likapita.

Makaburini, kiongozi akatokea mbio na mwenzake mmoja, midomo inang'aa mafuta. "Maganga! Puliza!"

Maganga, mpuliza baragumu wao, akatikisa kichwa. "Mzee huyu alimchimbia mama yangu kaburi kwenye mvua, nyinyi mlipogoma kutoka nje. Sipulizi."

Kiongozi akampokonya baragumu, akapuliza mwenyewe. Mashavu yakavimba, macho yakamtoka, sauti wapi! Maganga alikuwa amelishindilia wali. Kiongozi akaondoka kwa aibu, na kimya kikatanda. Hapo ndipo Bi Nyamizi alipomlilia mumewe mpaka akaridhika.

Kurudi nyumbani, ugomvi.

"Beberu wangu," akasema Kidunda. "Mimi ndiye niliyewamaliza maneno."

"Wewe?" akadakia Mwashamba. "Umemtukana marehemu kuliko wao! Njia niliifungua mimi."

"Kwa kuwalisha chakula cha wafiwa! Msiba ujao watakuja na sahani zao."

"Kimya kimetoka kwangu," akasema Maganga.

Wote wawili wakamgeukia: "Na kelele aliileta nani, kama si baragumu lako?"

Bi Nyamizi kaduwaa na kamba mkononi, beberu anamtafuna kanga. Haya, nyinyi mnaonicheka, msaidieni mama wa watu. Mmoja alimpa kicheko, mmoja alimpa njia, mmoja alimpa nafasi ya kulia. Je, kamba ile amkabidhi nani?