Kiganja cha Mwanasiti

Paukwa! Itikieni pakawa, ingawa ya leo haina kicheko.

Palikuwa na mjane, Mwanasiti, na wanawe watatu. Mchuzi wake aliuonja kiganjani, na mji mzima ulimsifu. Ikaingia njaa. Zimwi likaja mlangoni na gunia la mchele.

"Nipe ladha ya ulimi wako."

"Chukua, wanangu wale."

Mchele ukaisha, likarudi. "Nipe hisia za mikono yako."

"Chukua, wanangu wale."

Likarudi tena. "Nipe machozi yako."

"Chukua, wanangu wale."

Njaa ikapita, wana wakakua. Siku ya Idi Mwanasiti akapika mchuzi wa kuku. Akautia kiganjani ukichemka, akaulamba, asijue kama una chumvi. Akaongeza. Akaongeza tena.

Mkubwa akatema. Wa pili akasukuma sahani. Kitindamimba akasema, "Mama, siku hizi unapika kama mtu asiyetupenda. Tuachie jiko."

"Sawa, mwanangu."

Akaenda kukaa uani, akangoja kulia. Wapi! Kiganja kilijaa malengelenge, naye akakitazama kama cha mtu mwingine.

Yangu yameishia hapo. Mwenye mama, aende akamtazame mikono.