Samaki Chini ya Kiti

Hapo zamani, viti vilipokuwa vichache na wenye kuvitamani wengi, yaani kama leo, palikuwa na mji ukiitwa Kisimachumvi, na sultani wake akiitwa Ghalib. Mawaziri wake walipendana mno, kwa kuwa kila mmoja aliijua siri ya mwenziwe. Barazani pao palikuwa na ada ya kahawa: kila mtu hupewa kikombe mkono wa kulia, wala hapana ruhusa ya kukitua mpaka Sultani atue chake. Watu walikwisha kuungua vidole kwa ajili ya ada hiyo, na hapana aliyepata kulalamika.

Katika mji huo aliishi Chande Makapi, fukara ambaye mali yake yote ilikuwa kanzu moja, ulimi mmoja na mpwa mmoja, Mwanashuru, binti wa marehemu dada yake. Mwanashuru alikuwa akichota maji katika jumba la Sultani. Utotoni alianguka kwenye ngazi za kisima akapoteza jino la mbele, na mjomba wake hakuacha kumtania kwa pengo hilo, naye hucheka mpaka pengo lote likaonekana.

Basi siku moja alirudi nyumbani bila mtungi wala kicheko. Alisema kwamba Waziri Khalifani alimvuta hadi ghalani, akamziba mdomo kwa mkono wa kushoto, naye akaung'ata mkono ule kwa nguvu zote, akaponyoka, akakimbia. Chande alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa la kutania.

"Wataka nifanyeje, mwanangu?"

"Nataka kusema mbele yao, mjomba. Nawe uwepo."

Wakaenda barazani. Mwanashuru akasema yote, toka ghalani mpaka kung'ata. Waziri Khalifani alikuwa ameketi kwa raha, kikombe mkono wa kulia, na wa kushoto ameuficha ndani ya joho, akidai kwamba unamsumbua kwa baridi yabisi. Mawaziri wenziwe wakanong'onezana kidogo, kisha mkongwe wao, Mzee Badawi, akasema:

"Maulana, wahenga walinena, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tukikiri kwamba mwenzetu ameoza, watu watasema tumeoza sote. Kwa hiyo tumechunguza, tukaona kwamba hakuoza."

"Mmechunguza lini?" akauliza Chande.

"Sasa hivi."

Sultani, aliyempenda Khalifani kwa kuwa alijua kushindwa vizuri kwenye bao, akakunja uso. "Ewe Chande, ikiwa uchunguzi wao haukuridhishi, chunguza wewe, kesho, papa hapa. Lakini mlango usifunguliwe, maneno yasije yakatoka nje. Waziri asiinuke kitini, asiguswe, wala asiulizwe neno, maana heshima yake ni heshima yangu. Ukishindwa, binti huyu atachapwa viboko sokoni kwa uzushi wake, kisha nyote wawili mtauhama mji huu."

"Nimesikia na nimetii, Maulana. Nami nina ombi moja dogo. Niruhusiwe kulifagia baraza asubuhi, uchunguzi usije ukafanyika mahali pachafu."

Wakacheka, wakamruhusu. Chande akarudi nyumbani akijua kwamba hila yake ikikosea, mgongo utakaoumia si wake.

Kesho yake akafagia, na baraza likakaa. Mlango ukafungwa na madirisha yakafungwa, kahawa ikamiminwa, Sultani akainua kikombe nao wakainua. Mwanashuru akasimama ukutani. Chande akaketi sakafuni, akakunja miguu, akanyamaza.

"Mbona huchunguzi?" akauliza Sultani.

"Ninachunguza, Maulana."

Haukupita muda, harufu ikaanza. Ilianza kwa adabu, kisha ikaiacha adabu. Mzee Badawi akamtazama jirani yake, jirani akamtazama Badawi, na wale waliokuwa mwili mmoja jana wakaanza kusogeza viti kwa matako, kila mmoja akimkimbia mwenziwe.

"Labda ni kahawa," akasema mmoja wao.

"Fungueni dirisha!" akasema Badawi.

"Taratibu, mzee wangu," akasema Chande. "Maneno yasije yakatoka nje."

Wote wakamtazama Sultani. Sultani aliona haya kuitangua amri aliyoitoa jana tu mbele ya watu, basi akashikilia kikombe chake, na mkono wa kushoto akaziba pua. Mawaziri wakamfuata, kila mmoja kikombe kulia na pua kushoto. Ikabaki pua ya Khalifani. Machozi yakamtoka, kilemba kikamlegea. Akajaribu kuificha pua ndani ya kikombe, kahawa ikamwingia puani, akapiga chafya. Mwishowe mkono wa kushoto ukatoka wenyewe ndani ya joho, ukaishika pua mbele ya macho ya wote.

Karibu na kidole gumba palikuwa na alama ya meno, nyekundu bado, na katikati yake jino moja halikuwepo.

Mwanashuru akafungua kinywa, pengo likaonekana. Sultani akautazama mkono, akakitazama kinywa, akautazama tena mkono.

"Panya huyo," akasema Mzee Badawi, sauti ikimtokea puani.

"Panya mwenye pengo," akasema Chande.

Sultani akatua kikombe, na vikombe vyote vikatua kwa pamoja. "Fungueni mlango."

"Si ulisema usifunguliwe, Maulana?" akauliza Chande.

"Naitangua amri."

"Na Waziri asiinuke?"

"Ainuke, tena asirudi kitini mpaka ahukumiwe."

"Mimi sikumhukumu, Maulana, nilifagia tu. Lakini nani atakayemwuliza?"

Sultani akawatazama mawaziri wake, nao wakatazama sakafu. "Kadhi wa mji mwingine," akasema, "asiyekunywa kahawa yetu."

Kisha akaamrisha uvundo ule utafutwe. Wakainua kiti cha Khalifani, hapana kitu. Wakainua cha Badawi na vya wengine, hapana kitu. Ikabidi Sultani mwenyewe ainuke, na chini ya kiti chake pakaonekana kipande cha papa aliyeoza, kimefungwa vizuri kwa kamba.

"Chini ya kiti changu, Chande?"

"Nilitaka mahali ambapo hapana atakayethubutu kuchungulia, Maulana."

Sultani akainamisha kichwa, na alipokiinua mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko, ingawa macho hayakucheka. Akamtaka Mwanashuru radhi, mbele ya wale wale waliosikia jana.

Kadhi akaja, akauliza. Wakajitokeza wachota maji wengine wawili waliofanyiwa vivyo hivyo, na Khalifani akahukumiwa, akauhama mji kwa mlango ule ule ulioandaliwa Mwanashuru. Sultani akamwambia Chande aombe tuzo, naye akaomba kiti cha Khalifani. Watu wakadhani anataka uwaziri. Hapana: aliomba kiwekwe barazani mbele ya Sultani, akikalie kila mwenye kuja na malalamiko.

Ikawa hivyo. Wa kwanza kukikalia alikuwa Mwanashuru. Akaletewa kahawa, akanywa taratibu, akakitua kikombe alipotaka yeye, na Sultani akangoja.

Huko ndiko hekaya yangu inakotua, nami mkono umechoka kwa kikombe.