Honi Iliyozima Taa

Kitu chako kikiharibika, unaanza kutafuta nini: ubovu, au mtu? Usijibu haraka. Jibu la haraka tunalijua sote. Ni zuri, na mara nyingi si kweli.

Mtu mmoja alikuwa na gari la zamani. Alikuwa mjane, jina lake Nakijwa, na gari alilirithi kwa mumewe. Aliishi juu kwenye milima ya Upare, mahali ambapo barabara inateremka hadi tambarare kwa kona nyingi nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Gari hilo ndilo lililoshusha wagonjwa na wajawazito hospitalini, kisha likawapandisha waliopona. Wasiopona liliwapandisha pia, kwa mwendo wa pole zaidi.

Dereva aliitwa Kajiru. Alishika usukani ule tangu marehemu yuko hai. Hakuwa na shamba la kueleweka wala duka. Alikuwa na leseni, mke, watoto, na kile kiti cha dereva.

Milimani kule kuna desturi moja ambayo hata mlevi anaifuata. Ukikaribia kona unapiga honi kabla hujaiona kona yenyewe, halafu unanyamaza na kusikiliza. Ukijibiwa, anayeshuka anasimama, anayepanda anapita. Hakuna kibao kilichoandikwa hivyo, na hakuna aliyewahi kufundishwa. Mtoto anaijua kabla hajajua kuhesabu. Ukungu ukishuka, watu wanaendesha kwa masikio.

Basi gari la Nakijwa likaanza ugonjwa. Ukiwasha taa na waipa, hakuna neno. Ukibonyeza honi tu, taa zinafifia kama macho ya mtu anayesinzia ibadani, waipa zinasimama katikati ya kioo, na honi yenyewe inakoroma kama mbuzi mwenye mafua. Ukiiachia honi, kila kitu kinarudi na kujifanya hakikutokea chochote. Maana yake, penye ukungu, kwenye kona, Kajiru alitakiwa kuchagua: aonekane au asikike.

Siku moja alichagua kusikika. Hakusikika, maana taa zilikuwa bado zinawaka, na nusura avaane uso kwa uso na lori la tangawizi. Mjamzito aliyekuwa kiti cha nyuma alijifungua salama mchana uleule, lakini kila aliyekwenda kumpa hongera alihadithiwa ile kona, na kila aliyehadithiwa aliongeza chake. Habari ilipomfikia Nakijwa, lori lilikuwa limeshakuwa mawili, na la pili lilibeba mafuta.

Hapo kila mtu akawa fundi. Mmoja alisema betri, ikanunuliwa betri. Mwingine alisema taa, zikanunuliwa taa mpya, ambazo nazo zilififia vilevile, ila kwa mwanga mweupe zaidi. Fundi mmoja alipanda kutoka mjini, akafungua boneti, akatikisa kichwa kwa muda wa kutosha, akataja kifaa ambacho gari la umri ule halijawahi kuwa nacho, akaondoka na heshima zake zote. Gari likaombewa pia, watu wakiwa wameweka mikono juu ya boneti. Maombi hayakulidhuru. Ila katika watu wote wale hakuna aliyepiga magoti akatazama chini ya betri, maana kule kuna matope, na wengine walikuwa wamevaa vizuri.

Vifaa vilipokwisha kulaumiwa, akatafutwa mtu. Haikuchukua muda. Mdogo wake marehemu, Mgonja, alikuwa na kijana wake aliyepata leseni karibuni na hakuwa na gari la kuiendeshea.

"Shemeji, gari halina ugonjwa," alimwambia Nakijwa. "Gari lina Kajiru. Anajifungia humo anasikiliza mpira, injini imezimwa, anachajia watu simu. Hata ng'ombe akikamuliwa na mtaa mzima anakauka."

Kajiru alijibu kwamba simu pekee aliyowahi kuichaji mle ndani ni ya mama mwenye gari. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia. Kuna ukweli ambao mwajiri akiusikia anaona ametukanwa.

Nakijwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameogopa, na mtu aliyeogopa hupenda hofu yake ipewe jina na sura. Akatoa uamuzi: aitwe Senkondo. Akikuta ni uzembe wa dereva, Kajiru atarudisha ufunguo palepale uani, mbele ya watu, na kijana wa Mgonja atauchukua.

Senkondo alikuwa fundi umeme wa magari, na usimfikirie kuwa mtu mnyenyekevu. Alijisifu, tena sifa zake zilikuwa za kweli, jambo linaloudhi zaidi. Alisema gari likitoka mkononi mwake halirudi na tatizo lilelile. Madereva wa mlima mzima walisema hivyohivyo, na kwa hilo walimpelekea magari yao hata pale alipowatukana. Aliishi kwa mikono yake, lakini zaidi aliishi kwa jina lake.

Alikuja asubuhi, akakuta uwanja umejaa. Watu hawakosi nafasi ya kuona mwenzao akifukuzwa kazi. Nakijwa akaanza kumweleza habari za lori.

"Mama, ngoja kwanza," Senkondo alisema. "Wewe gari unalijua kwa kadi. Huyu analijua kwa makalio. Kajiru, likianza, linaanza na nini?"

"Taa peke yake, sawa. Honi peke yake, inalia vizuri tu. Vikikutana ndiyo vinagombana."

"Mvua na jua?"

"Mvua inazidisha."

"Ukipita kwenye mashimo?"

Kajiru akafikiri. "Taa zinapepesa. Nilidhani ni macho yangu."

"Macho yako mazima," Senkondo alisema, akavua shati la juu.

Namna alivyofanya kazi baada ya hapo ndiyo iliyonifanya nisimulie habari hii. Hakubadilisha kitu. Hakubahatisha. Aliliuliza gari swali moja baada ya lingine, na kila swali lilikuwa na majibu mawili tu, ndiyo au hapana, na jibu likitoka alikubaliana nalo hata kama alitaka lingine. Chombo chake kilikuwa balbu ndogo yenye nyaya mbili, kitu ambacho mtoto angekichezea. Nimeona watu wenye vyombo vikubwa zaidi na masikio madogo zaidi.

Aliigusisha balbu kwenye betri, ikawaka sawasawa. Betri haina kosa. Alifungua vichwa vya betri, akavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa, akarudisha, akabonyeza honi. Taa zikafifia. Akasema, "Haya, si hapo," kwa sauti ya mtu aliyepata kitu, si ya mtu aliyekosa.

Alikagua fyuzi. Fyuzi ni kijipande kinachokubali kuungua chenyewe ili gari zima lisiungue. Kama umewahi kuishi na mtu wa namna hiyo, unajua kwamba hashukuriwi, anabadilishwa. Zote zilikuwa nzima, tena za saizi yake. Hakuna aliyekuwa amechomeka waya mahali pa fyuzi, kama madereva wengi wanavyofanya. Senkondo alimtazama Kajiru, na Kajiru akasimama wima kidogo.

Kisha akaja kwenye swali ambalo wote waliomtangulia hawakuliuliza. Wao walishughulika na umeme unaokwenda. Yeye akauliza unarudije. Maana umeme ukishafika kwenye taa, safari ni nusu tu. Lazima urudi ulikotoka, na kwenye gari unarudi kwa kupitia bodi lenyewe, ukisaidiwa na waya mmoja mfupi uliofungwa kwa bolti kwenye chuma, ambao mafundi wanauita arthi. Waya huo hauwashi chochote. Haulii, hauzunguki, hakuna anayeusifia. Lakini ukilegea, taa itavumilia peke yake, honi itavumilia peke yake, na siku vyote vikitaka kurudi nyumbani kwa pamoja vitabanana kwenye upenyo mmoja, na vyote vitadhoofika. Kwenye nyumba za watu nako huwa hivyo.

Akamwambia Kajiru awashe taa na abonyeze honi asiiachie. Yeye akashika waya mmoja wa balbu yake kwenye betri, upande wa kurudia, na wa pili akaugusisha pale taa ya mbele inapofungiwa arthi. Pangekuwa na njia safi kati ya sehemu hizo mbili, balbu isingewaka. Ikawaka, nyekundu hafifu, kama kaa la moto.

"Amefika," alisema mzee mmoja uwanjani.

Senkondo akachukua kipande cha waya mnene na kuunganisha sehemu hizo mbili moja kwa moja. Taa zikatoka usingizini. Waipa zikafagia kioo. Honi ikalia ikapasua uwanja mzima, kuku wakatawanyika, na kutoka ng'ambo ya bonde dereva mmoja asiyejua lolote akajibu kwa honi yake, kwa desturi. Watu wakacheka. Nakijwa akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Mgonja hakucheka. "Sawa, inalia," alisema. "Sasa huo waya nani kauharibu? Gari linaendeshwa na mtu mmoja tu."

Senkondo alikuwa ameshalala chali chini ya bampa, kichwa kwenye matope, ili aufuate waya wa arthi mpaka unapoishia. Uliishia ndani ya madigadi ya kushoto. Alifungua bolti, akaitoa polepole, akatazama.

Chini ya kichwa cha waya palikuwa na rangi. Rangi nzuri, ya bluu, inayong'aa kama siku ilipopulizwa. Mtu alikuwa ameufunga waya juu ya rangi badala ya kuikwangua kwanza ili waya ukutane na chuma. Rangi haipitishi umeme. Miaka yote hiyo umeme ulikuwa unarudi kwa kupenya kwenye meno ya bolti peke yake, mpaka kutu ilipoyala meno, na njia ikabaki ya kubahatisha.

Senkondo aliikumbuka rangi ile. Gari lilipulizwa upya mwaka ambao binti wa Nakijwa aliolewa, lipeleke maharusi kanisani, na Nakijwa alikaa kwenye kiti pembeni mwa gari siku nzima na kumkemea yeyote aliyelikaribia na kitu chenye ncha. Halafu Senkondo aliutazama mkanda uliozungushiwa shingo ya waya, kipande cha mpira wa baiskeli kilichovutwa na kufungwa kwa ustadi. Ulikuwa umezungushwa kuelekea kushoto. Mafundi wengine wote wa mlima ule wanazungusha kulia. Yeye ndiye pekee anayetumia mkono wa kushoto.

Akabaki chini kwa muda. Hakuna mwingine aliyekuwa anaona alichokiona. Ilikuwa kazi ya dakika chache kukwangua rangi, kukata mkanda, kufunga bolti mpya, kutoka na kusema neno moja ambalo halimuumizi mtu: kutu. Neno hilo lingekuwa kweli nusu. Na Mgonja angelimalizia nusu nyingine, kwamba kutu ni dereva asiyeosha gari chini.

"Fundi, umelala huko?" Mgonja aliita. "Sema tu, tusikae hapa mpaka jioni. Ni uzembe wake, si ndiyo?"

Nakijwa akasema kwa sauti ndogo, "Kajiru, baba, tulishakubaliana."

Kajiru alichomoa ufunguo, akaufuta kwenye suruali, akanyosha mkono kumpa Nakijwa.

Senkondo akatoka chini ya gari. Hakujifuta. Matope yalikuwa yameshuka mpaka shingoni, na kwenye kiganja alishika bolti na kile kipande cha mpira, akavionyesha ili kila mtu avione.

"Mama, usiupokee huo ufunguo," alisema. "Waya huu niliufunga mimi. Niliufunga juu ya rangi, nikijua haifai, kwa sababu ulikuwa umekaa pale kwenye kiti na niliogopa kukuambia kwamba lazima niikwangue."