Sultani Aliyetoa Mpaka

Palikuwa na Sultani mmoja, Fumbwe wa Mzambarani, mtu wa kilemba kikubwa na kichwa kidogo. Alitaka jambo moja tu duniani: kila kizuri kiwe pale alipo yeye. Embe la kwanza kuiva, lipelekwe kwake. Mwimbaji hodari, aimbie dirishani kwake. Hata jogoo aliyewika vizuri mtaa wa pili alikamatwa akafungwa uani kwa Sultani, na tangu siku hiyo hakuwika tena. Ungewika wewe?

Basi siku moja akaoga kwa sabuni iliyomkosha roho. Akauliza imetoka wapi. Wakamwambia imetoka mpakani, mwendo wa siku mbili, kwa mwanamke aitwaye Mwanakombo.

"Mpakani? Huko kwenye vumbi na kupe? Aitwe!"

Mwanakombo akaja. Mjane huyo, fukara wa mali, ila wa maneno hata kidogo! Kiwanda chake kilikuwa banda la makuti na masufuria sita, limekaa juu ya safu ya mawe meupe yanayotenga Mzambarani na nchi ya jirani, Ukwajuni. Banda hilo ndilo lililowalisha wanawe, pamoja na wanawake ishirini wa pande zote mbili waliopika sabuni naye.

"Kuanzia sasa," Sultani akasema, "sabuni itapikwa hapa, mbele ya jumba langu. Wageni wangu waione."

"Maulana, sabuni yangu haipikiki hapa."

"Kwani moto wa hapa hauwaki?"

"Unawaka vizuri sana. Lakini mafuta ya nazi yanatoka huku kwetu, na magadi yanatoka Ukwajuni. Pale yanakutana mlangoni kwangu. Magadi nikiyasafirisha siku mbili na umande huu, yatafika uji."

"Utakunywa huo uji! Na wanunuzi wako hapa tele."

"Pale nawauzia watu wa nchi mbili bila kunyanyua mguu, Maulana. Tena watu wa hapa ni wasafi. Wangu mimi ni wasafiri. Askari wako wanawazuia pale siku tatu nzima, kazi kuwapekua vifurushi, vumbi limewajaa hadi kwenye kope. Mtu akiruhusiwa kupita, kitu cha kwanza anatafuta sabuni. Hao askari wako wananiletea wateja kuliko hirizi."

Baraza zima likachekea ndani ya mikono. Sultani hakuelewa kilichochekesha, lakini alijua fika kwamba amechekwa, na watu wa aina yake hilo haliwapiti.

"Domo hilo! Utahamia hapa na kila kinachokistawisha hicho kiwanda chako. Kila kitu! Kikibaki hata kimoja huko nyuma, banda nalitia moto na wewe utalala gerezani. Nakupa mpaka Ijumaa!"

Mwanakombo akaogopa. Hakuna asiyeogopa, jamani, tusidanganyane. Aliliona banda likiwaka, akawaona wanawe wakiomba mlango kwa mlango. Kisha akainua uso taratibu.

"Unanipa nini, Maulana?"

"Kiziwi pia? Nakupa mpaka! Ijumaa!"

"Karani ameandika?"

Karani akaitikia kwamba ameandika. Na desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: neno la Sultani likishaingia daftarini halifutwi, hata liwe la kipuuzi kiasi gani, na ya kipuuzi yalijaza madaftari manne.

"Basi nimeupokea," akasema Mwanakombo, akaenda zake. Wazee wa baraza wakadhani hofu imemvuruga akili.

Ijumaa Sultani amekaa kitini uani, kidevu juu, akaona lango linafunguka. Akaingia Mwanakombo na wanawake wake na masufuria sita. Nyuma yao punda kumi na wawili, wameinama kwa uzito wa mawe meupe. Nyuma ya punda, askari wa Ukwajuni wanaolinda mpaka upande wao, na mikuki yao, wakanyoosha moja kwa moja hadi nyuma ya kiti cha Sultani wakasimama. Mwanakombo hakusalimia mtu. Akaanza kupanga mawe, jiwe baada ya jiwe, kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, yakipita mbele kidogo tu ya vidole vya miguu ya Sultani.

"Nini hii?"

"Mpaka, Maulana."

"Nani kakwambia uulete hapa?"

"Wewe. Karani, tafadhali."

Karani akafungua daftari, akasoma: "'Ahamie na kila kinachokistawisha kiwanda.' Na chini yake: 'Nakupa mpaka. Ijumaa.'"

"Nilimaanisha muda, mwanaharamu wewe!"

"Mimi mpika sabuni tu, Maulana, mambo ya kumaanisha nitayajulia wapi? Kinachokistawisha kiwanda changu ni mpaka, nilikueleza mbele ya watu wote hawa. Ukanipa. Mungu akuzidishie ukarimu."

"Na hawa je? Askari wa Ukwajuni wamevukaje kuingia kwangu?"

Mkubwa wao akajibu kwa adabu zote: "Hatujavuka, Maulana. Tumekula kiapo tusiyapite mawe. Mawe yamekuwa mbele yetu safari nzima."

Sultani akageuka rangi, kilemba kikamteremkia jichoni. Akapiga kelele hadi njiwa wakaruka darini:

"Yaondoe! Kila jiwe lirudi lilipokuwa, na wewe na banda lako na masufuria yako mbaki huko huko mpakani, nisiwaone tena! Ni amri!"

Mwanakombo akaliweka jiwe la mwisho, akajipangusa mikono kwa kanga.

"Nimesikia, Maulana. Lakini amri hiyo njoo uitolee upande huu wa mawe. Hapo ulipokaa ni nchi ya watu."