Uzi wa Mikono Huru

Naomba leo tuvuke bahari kidogo, twende Amerika ya zamani, kabla haijawa taifa. Wakati huo ilikuwa koloni, na mfalme wa Uingereza aliitawala kutoka mbali. Akatoza kodi kwenye bidhaa, watu wakaja juu. Wakasema, vitambaa vyake hatununui tena. Tutasokota wenyewe, tutafuma wenyewe, na tutavaa hata kama vinawasha.

Basi katika mji mmoja kulikuwa na mjane mwenye shamba, mwanamke shupavu, na mdomo alikuwa nao. Yeye ndiye aliyewahamasisha wenzake. Walipokutana uani kwa mchungaji, walikuwa na desturi yao: aliyeleta donge kubwa la uzi kuliko wote husimama, huliinua juu, na kutamka mbele ya watu, "Uzi huu umesokotwa na mikono huru." Hapo hupigiwa makofi, na mji mzima humtaja. Mjane huyu aliitamani sana siku yake.

Ikafika. Donge lake lilikuwa kubwa, wala hakuna aliyebisha. Akasimama, akaliinua, akaanza: "Uzi huu umesokotwa na mikono..." Akakwama.

Mnajua kwa nini alikwama? Nyuma yake alisimama mwanamke mweusi amebeba kapu, mtumwa ambaye marehemu mume wa mjane alimnunua mnadani. Na uzi ule, ndugu zangu, sehemu kubwa alikuwa ameusokota yeye, akishamaliza kazi zote za nyumba. Mjane alikuwa amelizoea jambo hilo mpaka halioni tena. Aliliona wakati ule, mkono uko juu, watu wanamtazama, na aibu ikamshika.

"Malizia, dada," mke wa mchungaji akamhimiza.

Mjane akageuka, akanong'ona: "Nisaidie. Waambie ulisokota kwa hiari yako."

"Bibi, hukuwahi kuniuliza kama nataka," yule mwanamke akajibu. "Nikisema hivyo nitakuwa nimedanganya, na hapa ni kwa mchungaji."

Sasa niambieni, ungekuwa wewe ungefanyaje? Limebaki neno moja tu. Wengi wetu tungelimalizia, tukapigiwa makofi, tukaenda zetu kula.

Mjane akashusha mkono. "Kila siku namlaumu mfalme," akasema, wote wakisikia, "kumbe nyumbani kwangu mfalme ni mimi."

Wengine walikasirika kwamba amewaharibia sherehe. Yeye akamshika mwenzake mkono, wakaenda moja kwa moja kwa hakimu, mjane akatamka kwamba mwanamke huyu si mtumwa tena wa mtu yeyote. Walipotoka nje, hofu ikamwingia. Shamba lile atalilima na nani?

"Utaniacha?" akauliza.

"Nitaondoka, bibi. Nina mdogo wangu mji wa pili. Sijamwona tangu tulipouzwa."

Mjane alilia, tena sana. Lakini neno lake hakulirudisha, na mwenzake akaondoka akiwa huru.

Wapendwa, sisi tunapiga magoti hapa tukimwomba Mungu atuondolee wanaotuonea: bosi, mwenye nyumba, wakubwa wa nchi. Tuombe, hakuna ubaya. Lakini kwetu yuko dada wa kazi anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Tangu Pasaka hajaruhusiwa kwenda kuwaona wazazi wake. Tunadai uhuru wetu, na huku uhuru wa mwenzetu tumeukalia.

Habari njema ni hii: wakubwa wa mbali huenda tusiwafikie leo, lakini huyu aliye jikoni tutamfikia kabla chakula cha mchana hakijaiva. Hahitaji kungoja mapinduzi. Ukifika nyumbani, usianze na "niletee maji". Muulize, "Wewe unataka nini?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.