Kigogota Asiye na wa Kunywa Naye

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo hivyo? Mmekula au mmeonja? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. We Siwatu, acha kumfinya mwenzio. Na wewe shemeji Ngwali, ukisinzia nitakuuliza maswali mbele ya watoto.

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa na sheria nyingi kuliko manyoya, alikuwako Kigogota. Kigogota alikuwa tabibu wa miti. Si tabibu wa kujipachika, la. Alifundishwa na mjomba wake, misimu na misimu. Alifundishwa kuweka sikio kwenye gome. Alifundishwa kugonga, ko-ko-ko, na kusikiliza jibu la mti. Mti mzima hujibu hivi: ko! Mti mgonjwa hujibu hivi: pwe. Alipokuwa akisoma, ukoo mzima ulikula nusu shibe ili yeye ashibe. Mama yake alikuwa akimwachia funza wanono, yeye akitafuna gamba la mti.

Kisha ukaja ukame. Jua likawaka, likawaka, likawaka. Miti ya kwao ikakauka, ikaanguka, kishindo juu ya kishindo. Pakabaki vichaka na mawe.

Mjomba akamwambia, "Mwanangu, tabibu wa miti pasipo miti atamtibu nani? Vuka mlima. Huko ng'ambo ipo misitu, na nasikia matabibu hawawatoshi. Ukipata kazi, utukumbuke."

 Mama akamnyoosha mwanawe manyoya ya kifua kwa mdomo, moja moja, hata pasipokuwa na la kunyoosha.

Kigogota akaruka. Pu-pu-pu-pu! Akavuka mlima.

Loo! Aliyoyaona huko! Mivule imesimama kama nguzo za mbingu. Mininga, mikangazi, misufi. Na katikati ya msitu, bwawa moja la maji matamu. Ukingoni mwa bwawa alisimama Heroe, yule ndege wa miguu mirefu, mlinzi wa sheria, kwa mguu mmoja.

"Shikamoo, mzee Heroe."

"Marahaba. Mgeni?"

"Mgeni, mzee. Mimi ni tabibu wa miti. Natafuta kazi."

"Kazi zipo," Heroe akasema. "Matabibu tunawataka. Lakini sikiliza sheria. Mgeni hatii mdomo wake katika mti wa mtu mpaka apate mwenyeji wa kunywa naye. Mtainamisha vichwa pamoja, mtakunywa maji ya bwawa hili pamoja, na mimi nitashuhudia. Hapo mwenyeji amekudhamini. Ukiharibu, ananyimwa nafasi yake bwawani maisha yake yote."

"Na nisipompata?"

"Tone la kwanza la vuli likidondoka, unarudi kwenu." Heroe akabadilisha mguu. "Kwa sasa waweza kuzoa kinyesi chini ya viota. Kwa kazi hiyo hatutaki mdhamini."

Basi Kigogota, tabibu wa kusomea, akawa mzoa kinyesi. Asubuhi anazoa. Mchana anabisha hodi kwa watu, anatafuta mdhamini. Akibisha huimba, nami nikiimba ninyi mtaitikia "Bado!" Haya:

*Ko-ko-ko, nabisha hodi,*
*nani wa kunywa na mimi?*

Bado!

*Mdomo ninao, kazi naijua,*
*nani wa kunywa na mimi?*

Bado!

Mti wa kwanza aliobisha hodi ulikuwa mvule wa mzee Hondohondo, yule mwenye mdomo mkubwa kama jembe. Mkewe alikuwa ndani ya shimo la mti, analalia mayai. Mwajua desturi ya hondohondo? Mke akitaka kutaga huingia shimoni, na mlango huzibwa kwa udongo. Huachwa upenyo mwembamba tu wa kupitishia chakula. Hatoki mpaka watoto wakue. Yuko gizani na mayai yake, na mume huleta matunda.

Kigogota akagonga. Ko-ko-ko... pwe.

Moyo ukamruka. Mti huu unaumwa! Lakini kwao mgeni haanzi kwa kutaja ugonjwa wa nyumba aliyoibishia hodi. Ni kama kuuombea mabaya. Husubiri aulizwe. Naye akasubiri.

Hondohondo akamtazama, juu mpaka chini, chini mpaka juu. "Nasikia wewe ni tabibu. Unajua kweli kazi hiyo?"

Sasa hapo, jamani, Kigogota akafanya kosa la watu wa kwao. Kwao, fundi hajisifu. Ukimwuliza bingwa kama anajua, huinamisha kichwa. Ndiyo adabu, na kila mtu anaielewa. Basi Kigogota akainamisha kichwa, akasema, "Aa, mzee. Mimi nabahatisha tu."

"Unabahatisha!" Hondohondo akaruka nyuma. "Mke wangu yumo humu na mayai yangu, wewe unabahatisha? Kwaheri!"

Akageuka zake. 

Kigogota akaenda kwa mwingine. "Umewahi kufanya kazi hapa kwetu?" akaulizwa.

"Bado. Sina mdhamini."

"Basi kafanye kazi hapa kwetu kwanza, ndipo mtu akudhamini."

"Nitafanyaje kazi bila mdhamini?"

"Aa, hilo ni lako."

Akaenda kwa wa tatu, yale yale. Wa nne, yale yale. Akawa anazunguka kama ng'ombe wa kinu. Akigonga, huisikia miti inavyougua, na hana ruhusa ya kuigusa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko njaa.

Jioni alikula makombo na Mnana. Mnana naye mgeni, fundi mfumaji kutoka kwao tambarare. Viota vyake hata upepo huviogopa. Lakini huko ng'ambo alikuwa anabeba nyasi za wengine, wafume vibaya, yeye atazame tu.

Mnana akamcheka mpaka akashika tawi. "Ulimwambia unabahatisha? Ndugu yangu, hawa wa huku ukisema unabahatisha wanakuamini! Jisifu. Huku anayejinyamazia anakaa njaa."

Kigogota akasikia. Lakini unamjua mtu aliyefundishwa kutia chumvi leo? Humwaga kibaba kizima.

Akaenda kwa Kasuku. Akatanua kifua. "Mimi ndimi Kigogota, bingwa wa mabingwa! Hakuna mti nisioutibu! Nikiukoholea tu, unapona!"

Kasuku akafumba jicho moja. "Vizuri. Na mikoko je?"

"Mikoko! Kwetu nimetibu mikoko mpaka nimechoka!"

"Kwenu kuna bahari?"

Kigogota akashusha kifua. "...Hakuna."

"Na mkoko huota wapi?"

Kasuku akacheka, kwa-kwa-kwa-kwa! Naye akicheka Kasuku hurudia, na akirudia msitu mzima husikia. Ikavuma: yule mgeni mwongo, yule mgeni mwongo.

Siku ile Kigogota hakuimba. Alikaa kwenye kisiki akamkumbuka mama yake akitafuna gamba. Alilia. Ndiyo, alilia, msinitazame hivyo. Mtu mzima hulia. Alimwambia Mnana, "Nimepunguza, wakanikataa. Nimeongeza, wakanicheka. Sasa niseme nini?"

 Mnana naye alikuwa anafunga vitu vyake. Mawingu ya vuli yalikwisha kupanda upande wa mashariki, meusi tititi.

Asubuhi mawingu yakawa juu ya vichwa. Kigogota akaenda kuzoa kwa mara ya mwisho. Zamu ilikuwa chini ya mvule wa Hondohondo. Anazoa, anazoa. Mara akasikia juu yake: kru... kru... kru... Akainua kichwa. Sasa hakuhitaji hata kugonga: funza walikuwa wakitafuna.

Akawaza: mvua hii itaingia kwenye matundu ya funza. Mti utalowa ndani, utaoza, na upepo wa vuli utaukata pale pale penye shimo. Yule mama hawezi kutoka. Mayai hayawezi kutoka.

Akaruka mpaka kwa mzee. Ko-ko-ko!

"Wewe tena?" Hondohondo akafoka. "Yule wa kubahatisha? Au leo ni yule wa mikoko?"

"Mzee, siku ile nilikuwa na adabu. Leo nina haraka. Nisikilize. Mikoko siijui, nilidanganya na nimeona haya. Mvule naujua. Huu wako una funza, wako juu ya mlango wa mama, upande wa machweo. Wakitolewa leo na matundu yakazibwa, mti una nguvu bado. Ukiachwa mpaka mvua iingie, mimi sitakuahidi kitu. Hayo ndiyo ninayoyajua. Hayazidi, hayapungui."

Hondohondo akafungua mdomo kujibu. Lakini sauti ikatoka ndani ya mti, kwenye ule upenyo.

"Wewe unayesema huko nje! Juu ya mlango, wapi hasa?"

Kigogota akagonga. Ko. "Hapa, mama?"

"Chini kidogo."

Ko. "Hapa?"

"Kulia."

Pwe.

"Hapo! Hapo hapo!" mama akapiga kelele. "Mume wangu, nimekuambia tangu nilipoingia humu: nasikia kitu kinatafuna. Ukasema nini? Ukasema ni njaa ya uzazi!"

Hondohondo akajikuna shingo.

"Mwite Heroe," mama akasema. "Mimi nakunywa na huyu."

"Mke wangu! Akiharibu tutanyimwa bwawa maisha yetu yote!"

"Na asipotibu tutakunywa na nani? Na maganda ya mayai?"

Mwanamume akiambiwa hivyo hufanya nini, shemeji Ngwali? Huruka. Hondohondo akaruka, akamwita Heroe, kisha akajaza mdomo wake mkubwa maji ya bwawa. Heroe akaja, akasimama kwenye tawi kwa mguu mmoja, akitetemeka, maana tawi si mahali pake.

"Sheria inataka vichwa viinamishwe pamoja mbele yangu," Heroe akasema. "Huyu mdhamini mimi simwoni."

"Weka sikio, basi, unisikie nikimeza!" mama akamjibu toka ndani.

Heroe akafikiri. Akabadilisha mguu, nusura aanguke. Akaweka sikio kwenye upenyo. Hondohondo akamimina maji: nusu ndani kwa mkewe, nusu kwenye mdomo wa mgeni. Vichwa viwili vikainama, kimoja gizani, kimoja mwangani. Gluk. Gluk.

Heroe akainua shingo. "Amemeza. Nashuhudia."

*Nani wa kunywa na mimi?*

Mnaitikia nini sasa? Msiseme "Bado" tena, enyi wagumu wa kusikia! Yupo! Semeni: yupo!

Yupo!

Kigogota akatia mdomo kazini. Ko-ko-ko-ko-ko! Vumbi likaruka. Funza wa kwanza akatoka, mnene. Wa pili. Wa tatu. Hondohondo, aliyejua udongo kuliko ndege wote, akaziba kila tundu lililokwisha kusafishwa. Huyu anatoboa, huyu anaziba. Huyu anatoboa, huyu anaziba. 

Mara, to! Tone likaanguka juu ya mdomo wa Heroe. To, to! Kisha waaaa, mvua yote.

Wageni wasio na wadhamini wakaanza kupanda mlima, manyoya yamewaganda mwilini. Mnana alikuwa miongoni mwao. Kigogota alimwona kwa mbali, akataka kumwita, lakini sheria haimruhusu aliyedhaminiwa kumdhamini mwingine mpaka apewe nafasi yake bwawani. Akaendelea kugonga huku machozi na mvua vikichanganyika. Upepo ukaja, vuuuu. Miti mingine ikalia, mingine ikavunjika. Mvule wa Hondohondo ukayumba, ukayumba, ukasimama.

Mayai yakaanguliwa. Watoto wakakua. Siku moja mama akauvunja ukuta wa udongo, papapa, akatoka na macho yake madogo ya mtu aliyekaa gizani. Akamwona ndege mdogo mwenye utosi mwekundu.

"Ndiwe?"

"Ndimi, mama." Kigogota akainama. "Nina swali limenikaa moyoni. Wote walioniona walinikataa. Wewe ulinidhamini, ukaweka rehani maji ya watoto wako, na hukuwahi hata kuniona. Kwa nini?"

Mama Hondohondo akacheka. "Mwanangu, wao walikuwa wanakutazama. Mimi nilikuwa ndani ya mti, nilichokuwa nacho ni masikio. Nilisikia kazi yako tu."

Kigogota alifanya kazi msimu ule, na uliofuata. Kwao wakaanza kupokea funza wanono kupitia ndege wavukao mlima, na mama yake akapumzika kutafuna gamba. Kisha naye akapewa nafasi bwawani, mwenyeji miongoni mwa wenyeji. Siku hiyo hiyo akatuma salamu tambarare.

Mnana akaja mbio, amekonda, haamini. Heroe akauliza, "Huyu nani anakunywa naye?"

Watu wakatazamana. Kigogota akasogea mbele.

"Waijua hatari yake?" Heroe akamwuliza.

"Naijua. Kuna mtu aliibeba kwa ajili yangu."

Wakainama pamoja, wakanywa.

Basi, wadogo kwa wakubwa, mafunzo ni haya, siyafichi. Ukiwa mgeni, sema unachokijua kama kilivyo. Usikipunguze kwa adabu, usikitie chumvi kwa hofu. Ukiwa mwenyeji, mpe mgeni nafasi uisikie kazi yake kabla ya kuihukumu sura yake. Na ukishavushwa, rudi ukingoni umvushe mwenzio.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu akanywe maji, na asinywe peke yake.